Uso wa Redio ya Elkana

Babake Najib alikuwa fundi wa saa kule mjini, mtu wa maneno machache na miwani mizito, na alipokufa alimwachia mwanawe bisibisi tatu ndogo na kanuni moja. Kipya ni kazi ya fundi, alikuwa akisema, kikuukuu ni mali ya mwenyewe. Ukibadilisha mkanda wa saa, ule wa zamani unaufunga kwenye karatasi na kumrudishia mwenye saa, hata kama umekatika vipande na unanuka jasho la miaka. Mteja akiondoka mikono mitupu, hatafika mbali kabla ya kuanza kujiuliza umemwibia nini.

Najib hakufuata saa. Zilimshinda kwa udogo wake, na kusema kweli alipenda kitu kinachopiga kelele. Akawa fundi wa redio za magari, pale Bombolulu, ndani ya kibanda cha mabati ambacho adhuhuri kilikuwa tanuri. Ukutani alipanga redio zilizokufa, safu juu ya safu, na kutoka humo alitoa vipuri vya kufufulia nyingine. Lakini kanuni ya mzee aliishika. Kila alichokitoa garini, kikiwa kitufe, waya au spika iliyopasuka, alikifunga gazetini kikarudi kwa mwenyewe. Asiyekuja kuchukua, kifurushi chake kilimngoja rafuni, na vipo vilivyongoja mpaka wenyewe wakahama Kisauni.

Watu walimtania kwa hilo, na walimtania zaidi kwa miswaki yake. Redio nyingi huharibika usoni kwanza. Uso ndio kile kibao cha mbele chenye vitufe na kioo, na hushikwa na vijino vya plastiki vyembamba ambavyo havidumu. Jino likivunjika, mafundi wengine humwambia mteja akatafute redio nyingine. Najib yeye alichukua mswaki wa plastiki uliochakaa, akakata kipande cha mpini, akakiyeyusha kwa chuma cha kulehemu na kukichonga kwa wembe mpaka kikakaa sawa. Ndiyo maana ukizigeuza redio zilizopita mikononi mwake utaona jino la kijani hapa, la buluu pale. Jumwa, aliyekuwa akikaanga viazi kando ya kibanda chake, alisema Najib ana miswaki mingi kuliko meno ya Kisauni nzima. Najib alicheka naye. Hakuona ubaya kazi yake kujulikana.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda, alikuwako Jerioth na cherehani yake. Alikuwa mtu wa bara, wa Embu, ameolewa na Elkana wa Vihiga, na wote wawili walikuwa wamekaa pwani miaka mingi kiasi cha kuanza kulalamikia baridi ya kwao. Elkana aliendesha teksi, Fielder nyeupe. Siku moja mvua za masika zikianza, alipata abiria wawili waliotaka kufikishwa Mazeras. Hakurudi. Simu yake ilizimwa, na gari halikuonekana tena. Jerioth alipiga ripoti, akaambiwa wanaendelea na uchunguzi, na huko kuendelea kukawa hakuna mwisho.

Basi kila asubuhi, kabla hajafungua cherehani, Jerioth alivuka barabara.

"Baba Shaza, kuna lolote?"

"Bado, Mama Brandon. Inshallah."

Hakuwa akiuliza bure. Najib mwenyewe ndiye aliyemwahidi. Alimwambia gari la wizi huchinjwa, bodi likaenda kwake na injini kwake, lakini redio lazima itafute fundi, na mafundi wa redio upande huu wa Nyali wanajuana wote. Ikitokea, nitaijua, na nikiijua utaijua. Ahadi hiyo aliitoa mbele ya Jumwa, kwa sauti, na mkono kifuani.

Kijana alikuja asubuhi moja, jua halijawa kali. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na alisimama nje ya kizingiti mpaka alipokaribishwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Watoka wapi?"

"Hapa hapa tu, mzee wangu."

Jibu halikuwa jibu, lakini lilisemwa kwa tabasamu na Najib akaliacha lipite. Kijana akatoa redio kwenye mfuko wa karatasi. Haikuwa redio mbaya. Uso wake ndio uliokuwa aibu. Ulikuwa wa ile aina inayotoka kiwandani ikiwa na ngozi laini juu ya plastiki, ngozi ambayo joto letu la pwani huigeuza ulimbo, ikawa inanata vidoleni na kubanduka vipande vipande. Juu ya uharibifu huo mtu alikuwa ameupaka rangi ya viatu, mbele na nyuma, kwa mkono mzito.

"Huu haujafa," Najib alisema. "Nikiupiga spiriti na kitambaa, ngozi mbovu yote yatoka. Kisha naupaka rangi ya kupuliza, alasiri utadhani watoka dukani."

"Nataka uso mwingine, mzee wangu."

"Lakini huu wafaa."

"Huu sitaki kuuona."

Haya, mteja ni mteja. Redio ya aina ile ile ilikuwako ukutani, imekufa tumbo lakini uso wake mzima. Najib akaanza kazi, na kijana akakaa kwenye kigoda akizungumza naye. Aliuliza juu ya biashara, juu ya jua, juu ya afya. Alizitazama redio za rafuni, akainyanyua moja na kuigeuza, akairudisha mahali pake kwa uangalifu. Alimsifu Najib kwa mikono yake. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Na nyumbani ni wapi, mzee wangu?"

Hapa inafaa kuwaeleza wasiotoka kwao Najib. Mtu wa kwao akiulizwa nyumbani, haoni ameulizwa anwani. Anaona ametukuzwa. Atakutajia mtaa, atakutajia msikiti, atakutajia nyumba ilijengwa na nani na mlango wake una rangi gani, na mwisho atakukaribisha. Kujibu nusu ni utovu wa adabu. Najib hakuwa mtu wa kukosa adabu.

"Magogoni," alisema. "Wapita msikiti, nyumba ya tatu, yenye mlango wa kijani. Aliijenga marehemu baba. Siku ukipita ndia ile, karibu."

"Nitakaribia, mzee wangu."

Kazi ikaisha. Redio ikajaribiwa, ikaimba, na sauti yake ilikuwa safi kuliko redio nyingi za umri ule. Kijana hakubishania bei. Najib akaufunga uso wa zamani gazetini, kama desturi, akamnyooshea. Kijana hakuupokea.

"Choma."

"Ni wako huu."

"Choma tu, mzee wangu. Na ukichoma, choma vizuri."

Katika miaka yake yote ya kazi Najib alikuwa ameambiwa atupe, auze, ampe mwenye shida. Kuambiwa achome ilikuwa mara ya kwanza. Alicheka kidogo, kwa kuwa hakujua la kufanya, akajibu alichowajibu wote: "Nitakuwekea rafuni. Moyo ukigeuka, uje uutwae."

Kijana akamtazama kitambo. Tabasamu halikuondoka, ila macho hayakuwa nalo tena. Akainama kidogo kwa heshima, akapanda pikipiki yake, akaenda zake.

Najib alijaribu kuendelea na kazi nyingine ikamkataa. Kile kifurushi rafuni kilimvuta jicho. Mwishowe akajiambia kwamba mtu hachomi asichokijua, akakishusha, akatia spiriti kwenye kitambaa na kuanza kusugua. Rangi ya viatu ikatoka, ikaja na ngozi iliyooza. Chini ya kitufe cha sauti pakajitokeza alama nyeupe, imelika ndani ya plastiki yenyewe, mfano wa mwezi mwandamo. Ilikuwa mahali ambapo hakuna kidole chenye haja ya kugusa.

Mkono ukasimama. Najib aliijua alama ile. Elkana aliwahi kufanya kazi kiwandani Changamwe kabla ya teksi, na mashine ikamla dole gumba la kushoto mpaka kwenye kifundo. Alipotaka kuongeza sauti aligeuza kitufe kwa vidole viwili, na kile kigutu kikaegemea chini yake, kikasugua siku baada ya siku, safari baada ya safari. Najib alipata kumwambia amfunikie alama ile kwa rangi. Elkana alikataa. "Wacha tu, Baba Shaza," alisema. "Hata kukiwa na giza mkono wangu unajua mahali pake."

Bado angeweza kujidanganya. Vidole vilivyokatika viko vingi Changamwe. Akaugeuza uso ule, akasugua nyuma, na pembeni, chini ya weusi, likatokea jino jekundu. Aliliweka yeye. Mpini ulikuwa wa mswaki wa binti yake, Shaza, aliouokota mwenyewe bafuni asubuhi ya siku ile, na Elkana alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile akicheka kwamba sasa redio yake itapiga mswaki kabla ya kuimba.

Najib aliogopa. Sitalipamba jambo hilo. Aliufunga tena uso ule gazetini, akausukuma nyuma kabisa ya rafu. Ng'ambo ya barabara Jerioth alikuwa akifunika cherehani yake. Alimpungia mkono, naye akampungia.

Nyumbani hakula. Nadhira, mkewe, alimsogezea mchuzi wa papa aupendao, akamtazama akiuchovya mkate na kuuacha.

"Una nini?"

"Kitwa tu. Jua lilikuwa kali leo."

Hii nayo ilikuwa ada ya babake, kwamba ya dukani hufia dukani, mwanamume haleti hofu yake sebuleni ikawakalia wanawake vifuani. Nadhira alimtilia maji ya ndimu na hakuuliza tena. Shaza alikuwa amekaa upande wa pili, likizo imemkuta na vitabu vyake, akimsomea mamake kitu cha kuchekesha kwenye simu. Najib aliwatazama wote wawili, kisha akautazama mlango. Aliupaka rangi ile ya kijani mwenyewe, Idi iliyopita, na aliupenda. Sasa alitamani uwe na rangi ya milango yote.

Aliyapima mambo akiwa amelala chali. Akimpa Jerioth uso ule, Jerioth atakwenda polisi, polisi watauliza umetoka kwa nani, na jina la Najib likishatajwa halitakaa ofisini. Akiuchoma, hapana atakayejua, ila asubuhi Jerioth atavuka barabara na kuuliza kuna lolote, na kesho kutwa, na mwaka kesho, na kila siku yeye atajibu inshallah akimtaja Mungu juu ya uongo. Hata hivyo alikaribia kuuchoma. Kilichomzuia si ushujaa. Kilichomzuia ni ile kanuni ya mzee, nyepesi, ya kijinga ukitaka, kwamba kile kitu kilikuwa na mwenyewe na mwenyewe hakuwa yule kijana.

Alfajiri alifanya hila. Alichukua uso wa redio nyingine iliyokufa, wa aina ile ile, akautia kwenye kopo la rangi nyuma ya kibanda, akaumwagia mafuta ya taa na kuuwasha. Moshi wake mweusi ukamtoa Jumwa akikohoa na kulaani. Likabaki donge jeusi lenye harufu mbaya. Kijana akirudi, Najib alijiambia, ataonyeshwa donge, na mambo yataisha.

Kisha akachukua kifurushi, na siku hiyo yeye ndiye aliyevuka barabara.

Jerioth alikuwa akishona kaptura za shule. Alipomwona anakuja alisimamisha cherehani kwa mkono. Alikifungua kifurushi polepole, akatazama, akakiweka kidole chake juu ya ile alama nyeupe.

"Ni yake," alisema.

"Ni yake."

"Aliyeileta alisema nini?"

"Alisema niichome."

Jerioth akatikisa kichwa, kidogo kidogo, mtu anayekubaliana na jambo aliloambiwa zamani. "Basi hayuko," alisema. Hakulia. Najib alitafuta neno katika yale yote tunayopeana siku za msiba, maneno mengi na mazuri, na asiweze kulitoa hata moja, kwa kuwa alikuwa na lake la kusema na alilionea haya.

"Utakwenda polisi."

"Sasa hivi."

"Nenda. Ila, Mama Brandon, jina langu..."

Hakumaliza. Jerioth alimtazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira. Laiti ingekuwamo, Najib angepumua.

"Nitasema nimeokota," alisema. "Una mtoto. Najua."

Akafunga cherehani, akautia uso ule kwenye kipochi chake, akaondoka.

Kijana alirudi baada ya adhuhuri. Shati lilikuwa jingine, jeupe vilevile.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa ile takataka yangu. Kaka yangu amenigombeza, kwa nini niliiacha."

"Nimeichoma," Najib alisema. "Ulivyoniambia."

"Umenifaa sana. Naomba kuona."

Najib akaenda nyuma, akaleta kopo. Kijana akachuchumaa, akachukua bisibisi mezani, moja ya zile tatu za marehemu mzee, akaanza kulipekua lile donge taratibu, akilivunja na kutazama ndani. Jumwa alikuwa akikaanga viazi hatua chache kutoka hapo, mafuta yakichachatika, na jambo hilo la kila siku likamfanya Najib adhani labda yatapita.

"Hapana chekundu," kijana alisema.

"Nini?"

"Nilipoupaka ile rangi niliona jino jekundu kwa nyuma. La mkono, si la kiwandani. Lilikaa vizuri mpaka nikajiuliza ni fundi gani mwenye mikono mizuri namna hii." Akanyanyua macho, akayapitisha kwenye rafu, kwenye redio zilizogeuzwa na vijino vyao vya kijani na buluu na manjano. "Jana nilipofika nyumbani nikakumbuka hizi. Plastiki ikiungua rangi haipotei yote, mzee wangu. Hubaki chembe. Humu hamna."

Najib akalitazama kopo.

"Umempa nani?"

Uongo ulikuwako, mwingi, na wowote ungekuwa bora kuliko kunyamaza. Angeweza kusema kimeibwa, kimetupwa, amekiuza kwa wanunua chakavu. Lakini mtu akibanwa hurudi kwenye neno alilokulia, na Najib alikuwa na moja tu.

"Nimemrudishia mwenyewe."

Kijana alibaki amechuchumaa. Aliifuta bisibisi kwa kitambaa, kwa uangalifu, akairudisha mezani alipoikuta, akailaza sambamba na zile nyingine mbili. Akasimama, akajikung'uta magoti.

"Hiyo ni haki yake," alisema. "Kila mtu na arudishiwe kilicho chake. Kwaheri, mzee wangu."

Pikipiki ikaondoka kuelekea upande wa Kisauni. Najib alisimama mlangoni mwa kibanda mpaka mlio ukaisha, kisha akakaa kigodani kitambo kirefu, na hofu aliyokuwa nayo tangu jana ikageuka kitu kingine, kitu kikavu. Hapakuwa tena na jina la kuficha. Aliona vizuri sasa kwamba bila yeye ule uso mkononi mwa Jerioth ulikuwa plastiki iliyookotwa tu. Ni yeye peke yake awezaye kusema huu niliutengeneza, huyu ndiye aliyeuleta, sura yake hivi, sauti yake hivi. Asubuhi alimtuma mjane peke yake kwa sababu ya mlango wa kijani, na mlango ulikuwa umeshajulikana tangu jana, kwa mdomo wake mwenyewe. Aliona haya kuliko alivyopata kuona maishani.

Alivuka barabara bila kutazama magari. Cherehani ilikuwa bado imefunikwa.

"Hajarudi kutoka polisi," Jumwa alimpigia kelele. "Kwani mna nini nyinyi leo?"

"Nichungie kibanda. Namfuata."

"Na wateja?"

"Waambie wangoje."

Alikuwa ameshafika kwenye bodaboda, mguu mmoja uko juu, alipokumbuka kwamba kabla ya yote alipaswa kumpigia Nadhira, amwambie afunge mlango, amtwae Shaza, wavuke Likoni kwa dadake wakae huko mpaka awaite. Aliingiza mkono mfukoni. Simu ikalia ikiwa mkononi mwake, na jina lililoandikwa lilikuwa la Nadhira.

Sauti yake ilikuwa ya kila siku, yenye lawama ndogo ya mke aliyefikiwa na mgeni bila kuarifiwa.

"Najib, mbona hukunambia wamtuma mtu? Yupo kijana hapa, mwenye adabu zake, ameniamkia shikamoo kabla hajafika kizingitini. Asema wewe ndiwe uliyemkaribisha. Nimemweka sebuleni, Shaza amtilia chai. Auliza utakuya saa ngapi."